Kifuniko cha Furaha ya Nyumbani

Siku ya tatu baada ya kumzika rafiki yangu Kioko nilikasirika sebuleni kwake, mtaani Fedha, sahani ya pilau ikiwa mkononi, na sioni haya kusema. Mwanawe wa kwanza, Mutinda, ambaye kazi yake ni kutengeneza michezo ya simu, alipanda juu ya stuli akashusha boksi la viatu kutoka juu ya kabati. Nililitambua kabla hajalipangusa vumbi. Juu ya kifuniko kulikuwa na nyumba ya paa jekundu, maua pande zote mbili za mlango, jua linalocheka, na maneno niliyoyachora kwa mkono wangu nikiwa na miaka kumi na tisa: FURAHA YA NYUMBANI. "Auntie Robai," Mutinda akaniambia, "buda alisema hii mliitengeneza na yeye. Nataka siku moja niiweke kwa simu, jina hilo hilo, picha hiyo hiyo. Lakini leo acha tucheze na Ndanu. Hajacheka tangu Jumamosi." Ndanu ni kitinda mimba wa Kioko, ana miaka kumi na mmoja, na alikuwa amekaa kwenye zulia na sweta ya baba yake mabegani. Nikamuuliza Mutinda kama amesoma vikaratasi vilivyomo ndani. Akasema amesoma vitatu vinne, vimemchekesha. Nikamwambia basi amweleze kwanza mtoto mchezo wenyewe una nini. Akanicheka kwa heshima, vile vijana wanavyotucheka siku hizi. "Auntie, ukimwambia mtu mapema, utamu umeisha." Hapo ndipo nilipoweka sahani chini kwa kishindo, na akina mama wakageuka kunitazama. Maneno hayo hayo aliniambia baba yake mwaka wa tisini na tatu, nami nikamkubalia kama mjinga, na aliyeumia hakuwa mimi wala yeye.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninangoja barua ya chuo ambayo haikuwa na haraka ya kufika. Tulikaa nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, karibu na Makadara, zile za chumba na nusu, ambazo ukuta wake ulipanda ukachoka kabla ya kufika kwenye paa. Juu ya ukuta kulibaki nafasi ya mkono mzima, na kupitia nafasi hiyo tuligawana na jirani moshi wa jiko, harufu ya omena, redio na siri. Ndiyo maana mtaa ulikuwa na adabu yake, ambayo hakuna aliyetufundisha kwa maneno: ulichosikia juu ya ukuta hukukisikia. Mtu akilia upande wa pili, kesho yake bombani unamsalimia kama kawaida, labda unasogeza ndoo yako nyuma ili atangulie kuchota, basi. Jirani yetu alikuwa Mama Wekesa, ambaye mumewe alifanya kazi reli. Mwezi wa kwanza alifikiwa na mtoto wa dada yake kutoka Bonde la Ufa, ambako machafuko yalikuwa yametawanya watu tangu mwaka uliotangulia. Msichana huyo aliitwa Nafula, rika langu, na alikuja na mfuko mmoja wa karatasi. Alikuwa mpole wa kupitiliza. Ukimsalimia "sasa", anaitikia "poa", kisha anaangalia viatu vyake. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponisaidia kubeba ndoo bila kuombwa, na nilitaka sana awe rafiki yangu. Ninalisema hili mapema ili mtu asidhani nilikuwa na nia mbaya. Nia yangu ilikuwa nzuri, na haikumsaidia mtu.

Mchezo tuliutengeneza kwenye baraza ya baba yake Kioko, fundi wa vinyago, katikati ya vumbi la mbao na vichwa vya twiga visivyo na miili. Mama yake alitupa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli moja, na tulikula kwa zamu kwa sababu kijiko kizuri kilikuwa kimoja. Kioko alikuwa na kipaji cha michoro na mdomo mrefu, mimi nilikuwa na maneno. Tulichoka na michezo ya kanisa ya kutafuta aya nani atakuwa wa kwanza. Tulitaka mchezo wenye maisha yetu wenyewe. Tukachora njia ya miraba mia moja nyuma ya katoni ya televisheni, kutoka bombani hadi kwenye nyumba yako mwenyewe yenye choo ndani, ambayo kwetu ilikuwa ndiyo mbingu. Miraba mingine tuliipaka rangi nyeusi. Ukitua kwenye mweusi unachukua kikaratasi, unasimama, unakisoma kwa sauti, kisha unakiigiza mbele ya wote. Tuliandika vikaratasi arobaini. Kulikuwa na cha mama mwenye nyumba kukukuta umejificha chini ya kitanda, cha askari wa kanjo kubeba kibanda cha mandazi, cha baba kupunguzwa kazini, cha wageni saba kufika wakati kuna ugali wa watu wawili. Viwili vilikuwa vya kufiwa, vya Kioko: "Mzee ameaga. Acha kila kitu uende nyumbani. Kaa zamu mbili." Tulicheka tukiviandika mpaka baba yake akatufukuza. Wala hatukucheka kwa dharau. Tulicheka kwa sababu vilikuwa vya kweli na sisi ndio tuliovisema.

Tatizo lilikuwa kanisa, kwa sababu ukumbi wenye meza ndefu tuliotaka kuchezea ulikuwa wa kanisa, na kiongozi wa vijana, Bratha Elija, aliamini kwamba karata na dadu ni mlango wa shetani. Basi tukajipanga. Dadu hatukuwa nayo. Baba yake Kioko alituchongea pia, ile ya kuzungusha, ya mti wa muhugu yenye pande sita, kila upande na vitobo vyake, unaizungusha inalala upande mmoja. Karata hatukuwa nazo; tulikuwa na vikaratasi. Kifuniko nacho tukakivisha nguo za Jumapili, ile nyumba, maua, jua na jina tamu. Bratha Elija alikuja baada ya ibada akaigeuza ile pia mkononi mara nyingi. "Hii si dadu kweli?" akauliza. Kioko akajibu bila kupepesa macho, "Ni pia, Bratha." "Na mafunzo ni yapi?" Nikamwonyesha kifuniko. Akasoma jina, akatabasamu, akasema amina. Hakufungua boksi. Tulipotoka nje tulipigana viganja kwa furaha, kwamba tumempita mzee kwa akili. Leo nikikumbuka viganja hivyo vinaniwasha. Tulikuwa tumetengeneza kifuniko cha kumdanganya mtu mmoja, tukasahau kwamba kila atakayecheza atakisoma hicho hicho.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Jumapili moja alasiri nilikuwa ninapiga nguo pasi ya makaa, na upande wa pili Mama Wekesa alikuwa anamwandalia chai mgeni kutoka kwao. Nafula alikuwa ametumwa dukani. Nikasikia kila neno. "Waliambiwa watoke, wakatoka na nguo za mwilini," Mama Wekesa alikuwa akisema. "Huyu mtoto alikuwa amebandika chai. Nyumba ikashika moto na chai iko mekoni. Mpaka leo ukimwachia sufuria ya chai, anasimama hapo hapo, hawezi kutoka, mpaka ichemke aipue." Mgeni akasema maskini. Mimi nikaweka pasi chini. Kama ningekuwa na adabu ya mtaa ningeinyanyua tena na kuendelea na kola ya shati. Nilichukua kalamu. Kikaratasi kimoja cha akiba kilikuwa bado hakijaandikwa, nami nikaandika: "Watu wamekuja. Nyumba yenu imechomwa, na chai bado iko mekoni. Rudi nyuma hatua sita." Nilikisoma mara tatu kwa fahari. Ile chai mekoni niliiona kuwa sentensi bora niliyowahi kuandika. Kioko alikisoma, akakisoma tena. "Manze Robai, hii ni noma," akasema. Nikamuuliza kama si kizito mno kwa boksi lenye jua linalocheka. Naapa nilimuuliza. Akafikiri, akasema, "Wacha iwe hivyo. Ukimwambia mtu mapema, utamu umeisha." Na mimi, kwa kuwa nilitaka sentensi yangu isomwe, nikakitia kikaratasi boksini.

Mtu ataniuliza kama sikujua Nafula angeweza kukichukua. Sikujua kwamba atakuja. Nafula hakuwa anakuja popote. Lakini asubuhi ya Jumamosi tuliyopanga kucheza Mama Wekesa alinikuta bombani, akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye povu. "Wee Robai, nasikia mko na mchezo kanisani. Ni wa nini?" Nikamwambia ni wa kuchekesha tu, mama. "Basi mwite huyu msichana wangu. Ukimwita wewe atatoka. Nataka tu acheke kidogo, hata mara moja." Nilikuwa na nafasi, na hili ndilo linalonitafuna. Nilikuwa na ndoo inayojaa polepole, na muda wa kutosha kusema, mama, ndani kuna vicheko lakini kuna mambo mazito pia, ngoja nikitoe kimoja, au ngoja nimwambie kwanza. Nilisema, "Hakuna shida." Siku hizi hata mama wa samosa hukuambia bila kuulizwa, hizi za nyama, hizi za ndengu, hii ina pilipili angalia. Samosa ya shilingi chache ina adabu kuliko mchezo wetu ulivyokuwa.

Nafula alikuja amevaa gauni la kijani la Mama Wekesa lililobanwa kiunoni kwa pini. Tulikuwa wanane kwenye meza, chupa ya chai katikati na mandazi juu ya gazeti. Aliketi karibu nami, akakisoma kifuniko, akapitisha kidole juu ya yale maua. "Nani alichora?" akauliza. Nikamwambia ni mimi na Kioko. "Ni nzuri," akasema, na hilo lilikuwa neno refu kwake. Tukaanza. Kioko alichukua kile cha kanjo, akakimbia kuzunguka meza na sahani ya mandazi kichwani, watu wakalia kwa kicheko. Msichana mwingine akaigiza kujificha chini ya kitanda. Na Nafula akacheka. Nilimsikia, nilikuwa kando yake. Alicheka akifunika mdomo, na mimi nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimefaulu. Kisha zamu yake ikafika, ile pia ikalala kwenye nne, akatua kwenye mraba mweusi, akachukua kikaratasi. Akasimama kama ilivyo sheria. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi uso wake ulivyotulia. "Soma! Soma!" wakapiga meza. Akasoma. Alisoma kwa sauti safi, kama mtu aliyeitwa kusoma darasani, mpaka kwenye chai, na mpaka kwenye hatua sita. Wawili watatu walikuwa wameanza kucheka tayari, kwa sababu kila aliyesimama kabla yake alikuwa wa kuchekwa, na mchezo haukuwa umewaambia vingine. "Igiza basi!" mmoja akapiga kelele. "Igiza unavyokimbia!" Nafula akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, laiti ingekuwa hasira. Macho yake yaliniuliza nilijuaje habari ya chai. Kisha akainama, akashika kete yake ya mti, akairudisha nyuma mraba mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo, mpaka sita. Akatia kikaratasi mfukoni mwa lile gauni. Akatoka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na ule usaha niliutia mimi.

Yaliyofuata yananiudhi kuliko hata siku yenyewe. Mama Wekesa hakunifokea. Alisimama mlangoni kwetu mikono ikiwa kwenye kanga, akasema, "Uliniambia ni mchezo wa kuchekesha," akarudi kwake, na tangu siku hiyo redio yake ikawa inapigwa kwa sauti ya juu, ili nisisikie. Kioko alijitetea wiki nzima. "Mchezo ni mchezo, Robai. Si angesema tu hataki?" Angesemaje hataki kitu asichokijua? Nilimuuliza hivyo mara mia moja, na mara mia moja aliniambia watu wa siku hizi ni laini, na sisi tulikuwa watu wa siku hizo hizo. Mkuki kwa nguruwe. Bratha Elija naye aliupiga marufuku mchezo, nikafikiri hatimaye kuna mtu mzima ameona. Alisimama mbele ya vijana wote akatangaza sababu: amepata habari kwamba ile pia ni dadu iliyochongwa. Vikaratasi hakuvigusa. Msichana alikuwa ametoka ukumbini katikati ya mchezo, na kosa lililoonekana lilikuwa vitobo kwenye kipande cha muhugu! Nami nikakaa kimya kwenye benchi, kwa sababu kusema ukweli kungefichua kwamba nilisikiliza juu ya ukuta. Nafula akaacha kuja bombani nikiwepo. Nilimwona mbali mbali, akibeba ndoo zake kwa njia ya nyuma ya vyoo, ambayo ni ndefu na ina matope.

Ilinichukua miezi minne kubisha hodi kwao. Nilisikia juu ya ukuta, tena juu ya ukuta, siku redio ilipoisha betri, kwamba anaondoka kwenda Bungoma kujifunza cherehani kwa shangazi yake, na nikaona nisipokwenda sasa sitakwenda kamwe. Nilimkuta jikoni, yaani ile nusu ya chumba, anachagua mchele kwenye ungo. Chai ilikuwa mekoni juu ya makaa na alikuwa amejiweka hapo hapo, goti likikaribia kugusa jiko. Mama Wekesa aliniangalia, akachukua kikapu, akatoka. Niliketi kwenye kigoda nikaanza kuchagua naye, kwa kuwa sikujua mikono niiweke wapi. Nikamwambia nilisikia, niliandika, na nilinyamaza. Nikamwambia nisamehe. Alitupa vijiwe vitatu vinne vya mchele kabla ya kujibu. "Ungeniambia," akasema. Nikasema, "Ningekuambia usingekuja." Akaacha mchele, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nani alikuambia? Ningekuja. Ningekaa karibu na mlango, lakini ningekuja. Mimi nilikuwa nataka watu wajue, Robai. Hapa kila mtu ananisalimia kama nimetoka likizo. Lakini kusimama nisome yangu mbele ya watu wanangoja niwachekeshe, hiyo hapana." Chai ikapanda. Akaipua, akaiweka kando, ndipo mabega yake yakashuka. Kisha akatoa kile kikaratasi kutoka ndani ya daftari, kimekunjwa mara nne. "Na umekosea," akasema, karibu na utani. "Nyumba ikichomwa mtu harudi nyuma. Nyuma hakuna." Alikuwa amekata kwa penseli maneno ya hatua sita na kuandika chini yake: "Kaa hapo ulipo, mpaka mtu akuulize." Akanipa nikirudishe boksini, tukanywa ile chai. Tuliandikiana barua mbili baada ya hapo, kisha kimya, na kosa la kimya hicho sijui ni la nani.

Yote haya nilimsimulia Mutinda pale sebuleni, mbele ya wageni, pilau yangu ikipoa. Kwa haki yake, alisikiliza mpaka mwisho. Alikitafuta kikaratasi chenye maneno ya penseli, akakipata, akakishika kwa ncha za vidole. "Pole Auntie," akasema. "Lakini si hiki tunakitoa tu? Na vile viwili vya kufiwa. Tunabakisha vya kuchekesha." Damu ikanipanda upya. Nani alisema kitolewe? Mwenye nyumba iliyochomwa hakukitoa, alikisahihisha akakirudisha. Hivyo ndivyo tulivyo, ama tunamtumbukiza mtu gizani, ama tunakomba kila kitu chenye uzito tumwachie peremende, na katikati kuna jambo dogo ambalo hatutaki kulifanya, la kufungua mdomo. Nikaomba kalamu. Juu ya jua langu linalocheka nikaandika: "Ndani kuna vicheko na kuna machozi. Kuna kufutwa kazi, kuna kufiwa, kuna nyumba iliyochomwa. Usipotaka kikaratasi, sema nipite. Hutaulizwa kwa nini."

Ndanu alikuwa amesogea. Akasoma kifuniko chote kwa kidole, kama Nafula alivyogusa maua. "Nyumba iliyochomwa ilikuwa ya nani?" akauliza. Nikamwambia, ya rafiki yangu. "Na karatasi za kufiwa ziko ngapi?" Mutinda akataka kumkatiza, nikamzuia kwa mkono. "Ziko mbili," nikamwambia. "Aliziandika baba yako." Akaivuta sweta ikamfunika shingo. "Na naweza kusema nipite?" Wakati wowote, nikamwambia. Akaichukua ile pia kutoka kwenye boksi, akaijaribu kwenye kiganja, akasogea karibu na mguu wangu. "Haya. Nianze mimi."

Kuandika na kumjibu mtoto, vyote pamoja, havikufika dakika tano. Dakika tano hizo ndizo nilizomnyima Nafula.